Nukta Inapoota Mkia: Darubini ya Bunduki kwa Macho Yanayovaa Miwani

Malalamiko ni yaleyale. Mtu amefunga kwenye bunduki darubini ya nukta nyekundu, ile inayoonyesha nukta ya mwanga ya kulengea, betri mpya, skrubu zimekazwa, anaweka jicho na nukta haipo. Kuna nyota yenye miguu mitano, au koma, au zabibu nne zilizoshikana. Anairudisha dukani, anaongeza pesa, anachukua ya bei ya juu, na mkia uko palepale. Hapo ndipo anaanza kusema darubini hizi zote ni feki.

Mara nyingi darubini haina kosa lolote. Kosa liko kwenye jicho, na jicho lenyewe wala haliumwi. Umbo lake tu si la mpira kamili, limekaa kidogo kama yai. Duka halina dawa ya hilo. Kwa hiyo kabla ya kununua darubini nyingine, pima macho kwanza. Mimi ningeweka hela kwenye miwani kabla ya kuiweka kwenye kioo cha bunduki, na hapa naeleza kwa nini, kwa vipimo.

Nachukulia kwamba msomaji ana leseni yake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iwe ni mwindaji au mlenga shabaha wa kawaida. Majaribio yote ya nyumbani fanya darubini ikiwa imeshushwa kutoka kwenye bunduki. Usijidanganye kwamba bunduki ni tupu, unaangalia kidogo tu. Na anayeelekeza mtutu nje ya dirisha la ghorofa Sinza, Dar es Salaam, ili apime darubini anawaita polisi kwa mkono wake mwenyewe.

Ni jicho au ni kioo?

Kuna njia tatu, na zote hazigharimu kitu.

Ya kwanza ni kichwa. Washa nukta, angalia ukuta wa mbali, kisha inamisha kichwa kulia hadi sikio likaribie bega, huku darubini haisogei. Mkia ukizunguka pamoja na kichwa, ni jicho. Mkia ukibaki umeelekea upande uleule, geuza sasa darubini yenyewe robo mzunguko. Ukigeuka nayo, kioo ndicho kibovu.

Ya pili ni simu. Weka kamera mahali jicho linapokaa, gusa kioo cha simu kwenye kitu cha mbali ili ilenge huko, punguza mwanga wa picha, piga. Ikiwa nukta kwenye picha ni ya duara, usimlaumu muuzaji. Angalizo: mwangaza wa nukta ukiwa juu sana, kamera nayo huonyesha mng'ao usiokuwepo, kwa hiyo shusha mwangaza hadi nukta ionekane kwa shida. Darubini za holografia kama EOTech zina tabia yake. Alama zake zinatokana na mwanga wa leza, na ukizikodolea macho zinaonekana za chembechembe, kwenye simu na kwenye jicho zima kabisa. Ndivyo zilivyo.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Chukua kadi ngumu, hata ya vocha ya simu, itoboe kwa pini nene, tundu lisizidi milimita 1. Iweke karibu kabisa na jicho, angalia nukta kupitia tundu. Nukta ikirudi kuwa duara safi, tatizo lako ni la kupinda kwa mwanga ndani ya jicho, na miwani italimaliza. Ikibaki na ukungu vilevile, huenda kuna jambo ambalo miwani haiwezi: mtoto wa jicho, au kitu nyuma ya jicho. Huyo aende hospitali kwanza. Kliniki ya macho ya Muhimbili ipo, CCBRT Msasani ipo. Habari ya bunduki isubiri.

Karatasi ya vipimo inasema nini

Watu wengi hupokea karatasi ya miwani, wanamkabidhi fundi wa lenzi, na hawaisomi. Isome. Ina safu za SPH, CYL, AXIS na, kwa waliokwenda umri, ADD.

SPH ni namba ya jumla. Ikiwa na alama ya kutoa, huoni mbali vizuri. Ikiwa na alama ya kujumlisha, jicho linafanya kazi ya ziada ili lione, na kadiri umri unavyokwenda kazi hiyo linaishindwa. CYL ndiyo astigmatizimu, ule umbo wa yai niliosema, na AXIS ni upande yai lilipolalia, kwa digrii kuanzia 1 hadi 180. ADD ni nyongeza ya kusomea.

Sasa shika neno hili maana ndilo linalopotea kila siku: pete ya lenzi ya jicho kwenye darubini ya kukuza inarekebisha SPH peke yake. Haina habari na CYL. Unaweza kuizungusha mpaka usiku uingie. Umbo la yai halirekebishwi kwa kusogeza lenzi ya duara mbele na nyuma. Darubini za nukta ndiyo kabisa, nyingi hazina hata hiyo pete. Unachoona ndicho jicho lako linachoweza.

Kuna jambo dogo la kumwambia mpimaji. CYL ndogo, ya -0.25 au -0.50, wakati mwingine huachwa kwa kuwa kwa kusoma na kuendesha gari haisumbui. Kwa nukta ndogo inayong'aa kwenye giza inasumbua. Omba iandikwe na iwekwe kwenye lenzi. Na ile miwani inayopangwa kwenye meza za Kariakoo, +1.00, +1.50 na kuendelea, haina CYL hata kidogo, na ni namba moja kwa macho yote mawili.

Mkia una urefu gani

Hapa kuna hesabu moja inayoeleza karibu kila kitu. Kosa la jicho lisilorekebishwa hutandaza nukta kwa kiasi kinachotegemea mambo mawili: namba ya kosa na upana wa mboni. Zidisha upana wa mboni kwa milimita, mara namba ya kosa, mara 10. Jibu ni sentimita ambazo ukungu huo unafunika kwenye shabaha iliyo mita 100.

Mfano: CYL ya -1.00 bila miwani, mboni ya milimita 4. Nne mara moja mara kumi ni sentimita 40. Nukta iliyoandikwa kwenye boksi kuwa ni ya MOA 2 (MOA ni kipimo cha pembe; moja ni kama sentimita 2.9 kwenye mita 100, kwa hiyo nukta ingefunika chini kidogo ya sentimita 6) imekuwa mkia wa sentimita 40. Kwenye mita 25 mkia huo ni sentimita 10. Hesabu si ya maabara, maana jicho hujivuta hapa na pale kutafuta nafuu, lakini inakuonyesha ukubwa wa jambo.

Mboni haikai na upana mmoja. Kwenye jua la saa saba mchana pale Kunduchi huwa kama milimita 2, na mkia unakatika nusu. Magharibi inapanuka hadi 5 au zaidi, na hapo mkia unakuwa wa nusu mita. Huku kwetu giza halibishi hodi: jua likizama, una kama dakika 20 za mwanga wa maana. Ndiyo maana mtu anasema darubini ilikuwa nzuri mchana, ikaharibika jioni. Haikuharibika, mboni ndiyo iliyofunguka.

Tundu la pini linafanya kazi kwa sababu hiyohiyo: unalazimisha mboni iwe ya milimita 1. Wenye bunduki iliyo na kilengeo cha nyuma cha tundu wanaweza kukiinua na kuiangalia nukta kupitia humo. Mkia unapungua papo hapo, ila mwanga pia unapungua, kwa hiyo jioni haina msaada.

Jambo la pili ndilo linalobadilisha uamuzi wa kununua. Darubini inayokuza mara 4 inakuza shabaha mara 4, lakini haikuzi kosa la jicho lako. Ukungu wa sentimita 40 unagawanywa kwa 4, unabaki 10. Ukikuza mara 8, ni 5. Kwa mwenye CYL kubwa asiyependa miwani, darubini ya kawaida ya kukuza, hata ile ya mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya mbele ya milimita 40, inamfaa kuliko nukta ya bei mbaya. Kikuzaji cha mara 3 kinachofungwa nyuma ya darubini ya nukta kinafuata hesabu hiyohiyo: nukta inaonekana kubwa, lakini mkia ukilinganishwa na shabaha unabaki theluthi.

Prizimu

Katikati ya nukta na darubini ndefu kuna darubini fupi za prizimu, za kukuza mara 1, 3 au 5. Alama yake imechongwa kwenye kioo, hivyo inaonekana hata betri ikifa, na lenzi yake ya jicho ina pete ya kurekebisha SPH. Husifiwa kuwa ni dawa ya astigmatizimu. Si kweli moja kwa moja. Ya mara 1 hairekebishi CYL, inaificha tu: alama nyeusi kwenye mwanga haitoi miale kama nukta nyekundu kwenye kivuli. Washa taa yake kwa mwangaza wa juu na mkia unarudi. Ya mara 3 ndiyo inayosaidia kweli, kwa sababu ya ule mgawanyo.

Tatizo la prizimu ni nafasi ya jicho, yaani umbali ambao jicho linapaswa kukaa nyuma ya lenzi. Nyingi zinataka sentimita 6 hadi 9. Miwani yenyewe inakula zaidi ya sentimita 1, kwani lenzi yake hukaa kama milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho. Weka hiyo kwenye bunduki yenye teke kali, nyusi zitapasuka.

Miwani ya kusomea iondoe usoni

Hili linawashinda waliovuka 45 kwa sababu linaenda kinyume na akili ya kawaida. Kioo cha darubini ya nukta kiko nusu mita kutoka usoni, au karibu zaidi. Akili inasema kitu cha karibu, vaa miwani ya karibu. Lakini nukta haiko kwenye kioo. Taa ndogo ya LED inaakisiwa na kioo kilichopinda, na miale inatoka ikiwa sambamba, kana kwamba nukta iko mbali sana, kule shabaha iliko. Wazo hili si geni. Howard Grubb wa Dublin alilipatia hataza mwaka 1900, kabla hakujawa na taa hizi.

Kwa hiyo miwani ya +2.00 ya kusomea inaleta ukungu wa namba 2 nzima kwenye nukta. Ivue, au vaa ya mbali. Mwenye SPH ya kutoa lazima avae ya mbali. Bila hiyo ataona mpira mwekundu badala ya nukta.

Wavaaji wa bifokali na progresivu wana mtego wao kwenye bastola. Wanainua kidevu ili waone kwa sehemu ya chini ya lenzi, ile ya kusomea, na nukta inavurugika. Kidevu chini, macho yapite katikati au juu kidogo. Kwenye bunduki ndefu kinatokea kinyume chake: shavu likilala kwenye kitako, kichwa kinainama mbele na jicho la kulia linapita kona ya juu ya lenzi, upande wa puani. Kona ya lenzi yenye namba kubwa haioneshi kama katikati yake. Yenyewe inaongeza mkia. Mtu ana miwani sahihi kabisa na bado analalamika. Tiba ni kuinua kishikizo cha darubini au kuongeza mto wa shavu kwenye kitako ili kichwa kisimame. Anayelenga mara kwa mara amwambie fundi wa miwani amtengenezee ya namba moja, ya mbali, na kitovu cha lenzi kisogezwe juu na ndani. Achukue bunduki? Hapana jamani. Aende na picha ya pembeni aliyopigwa akiwa ameshika, au amwonyeshe kwa fimbo namna kichwa kinavyolala. Fremu iwe pana, isiyo na ukingo mnene juu.

Lenzi zenyewe ziwe za polikaboneti, hazipasuki kirahisi. Ganda la risasi likiruka au gesi ikirudi nyuma, ndizo zinazosimama kati yake na jicho.

Kuna wanaosema: nina -2.00, navua miwani, nazungusha pete ya darubini, naona safi. Kweli utaona safi, ndani ya duara lile. Nje ya duara huoni nani kasimama wapi, na aliyeshika bunduki bila kujua nani yuko nyuma ya kichaka hana kazi porini. Miwani ibaki usoni, pete irekebishwe juu yake.

Vilengeo vya chuma, yaani mkato wa nyuma na nundu ya mbele, vinataka namba tofauti, maana jicho linagawanywa kati ya nundu iliyo karibu na shabaha iliyo mbali. Kwenye bunduki ndefu nundu iko kama mita 1 kutoka jichoni, sawa na namba 1.00. Nusu ya safari ni 0.50. Ongeza +0.50 kwenye namba yako ya mbali na nundu na shabaha zote zitakuwa na ukungu mdogo unaovumilika. Kwa bastola nundu iko kama sentimita 70, na nyongeza ni +0.75. Ile ya +1.50 inaonyesha nundu ya bastola kama imechorwa kwa wembe, na shabaha imepotea.

Pete za kuchanganya

Darubini ya kukuza ina pete ya kukuza, pete ya lenzi ya jicho, na kwenye baadhi kifundo cha pembeni cha paralaksi, yaani ile hali ya msalaba wa kulengea kuhama juu ya shabaha jicho linaposogea. Kosa kubwa la wenye macho mabovu ni kutumia kifundo cha paralaksi kusafisha picha kabla hawajaweka sawa pete ya jicho. Picha inakuwa safi, namba za umbali kwenye kifundo hazilingani na kitu chochote, na msalaba unaelea.

Utaratibu ni huu. Vaa miwani utakayolengea. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe au mbingu, kamwe si upande wa jua. Weka ukuzaji wa juu. Zungusha pete ya jicho kinyume cha saa hadi msalaba ufifie kabisa, kisha irudishe polepole hadi mistari ikatike vizuri. Angalia pembeni kwa mbali, hesabu mpaka kumi, rudisha jicho kwa sekunde 2 tu. Ukiona msalaba safi mara moja, umefika. Ukiona unajisafisha baada ya muda, jicho ndilo linalojivuta, na baada ya nusu saa litachoka. Ongeza robo mzunguko, rudia. Wengi hukodoa macho kwa dakika nzima. Hapo unapima uvumilivu wa jicho, pete hujaipima.

Wakati wa kuzungusha, angalia kama mstari wa wima unakaa safi mahali pamoja na wa mlalo mahali pengine, na havikubaliani kamwe. Hiyo ni CYL inayojionyesha, na miwani uliyovaa haijaimaliza. Lakini yai likiwa limelala mshazari, kama digrii 45, mistari yote miwili inafifia sawasawa na hutaligundua hivi.

Ukishapata mahali, weka alama ya rangi ya kucha kwenye pete. Bunduki inayotumiwa na watu wawili iwe na alama mbili za rangi tofauti.

Paralaksi sasa. Darubini nyingi za uwindaji zimewekwa kiwandani kwa yadi 100, yaani mita 91, na hazina kifundo. Kosa kubwa kabisa linaloweza kutokea, jicho likiwa ukingoni kabisa mwa duara, kwa lenzi ya mbele ya milimita 40, ni milimita 9 kwenye mita 50, na milimita 24 kwenye mita 200. Kwa mnyama si kitu. Kwa bunduki ndogo ya .22 kwenye mita 25 inafika milimita 14 au 15, na kwenye karatasi yenye duara dogo hiyo ni pointi zimekwenda.

Kufunga na kusawazisha

Skrubu za pete ziwe zimelegea. Miwani usoni, ukuzaji wa juu, funga macho, leta bunduki begani kama kawaida yako, fungua. Ukiona kivuli cheusi kama mwezi mchanga, sogeza darubini mbele au nyuma hadi duara lijae. Rudia ukiwa umelala kifudifudi, kwani kulala kunasukuma kichwa mbele. Chagua nafasi ambayo hata ukiwa umelala lenzi haigusi miwani. Kwa caliber kama .375 H&H usikubali chini ya sentimita 9 kati ya lenzi na jicho, na miwani ihesabiwe.

Duara la mwanga linalotoka kwenye lenzi lina hesabu yake pia: upana wa lenzi ya mbele gawanya kwa ukuzaji. Lenzi ya 40 kwa mara 9 inatoa milimita 4.4, kwa mara 3 inatoa zaidi ya 13. Jicho la kijana hufunguka hadi kama 7 gizani. La mtu mzima mara nyingi haliifikii. Kwa hiyo mzee anayelipia lenzi ya mbele ya milimita 56 kwa ajili ya jioni huwa analipia mwanga ambao jicho lake halitaupokea, na anabeba uzito juu yake.

Uwanjani anza na mita 25, risasi 3, ukiwa umeegemea mfuko wa mchanga. Kwenye darubini ambayo vifundo vyake vya kusawazisha vinasogea kwa kliki za robo MOA, kliki moja ni milimita 7 kwenye mita 100 na 1.8 tu kwenye mita 25. Ukiwa sentimita 5 chini kwenye mita 25, unahitaji kliki 28, na watu hupiga kliki 7 wakashangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Mwenye mkia uliobaki afanye mambo mawili. Alenge kwa kuweka ukungu wake katikati ya duara kubwa kuliko ukungu wenyewe. Jicho linajua kusawazisha duara ndani ya duara hata kama ndani si safi. Alama yenye pete pana, kama ile ya EOTech ya MOA 68 yenye nukta ya MOA 1 katikati, inasaidia kwa sababu hiyo: nukta ikiharibika, pete bado inaonyesha kitovu. La pili, apige na mwangaza uleule aliosawazishia. Mkia una mwanga hafifu kuliko kiini, kwa hiyo ukishusha mwangaza mkia unazimika kwanza na unabaki na kiini. Ukipandisha, mkia unaingia na mahali unapodhani ni katikati panahama. Matundu ya risasi yakijipanga mshazari, na mshazari huo ndio upande wa mkia wako, usiguse kliki.

Rangi nayo isidharauliwe. Asiyetofautisha vizuri nyekundu na kijani anaweza kuiona nukta nyekundu kama imefifia, akaongeza mwangaza, akajiletea mkia. Ya kijani itamfaa, maana jicho mchana linaona kijani kwa wepesi zaidi.

Pale ambapo kioo hakisaidii

Mwenye kisukari asisawazishe darubini wakati sukari inapanda na kushuka. Sukari hubadilisha lenzi ya ndani ya jicho na namba ya miwani inahama kwa siku au wiki. Hata kupima miwani kunapaswa kusubiri sukari itulie.

Mtoto wa jicho humwaga mwanga ndani ya jicho, na nukta inapata taji la miale pande zote, si mkia wa upande mmoja. Baada ya upasuaji, lenzi inayopandikizwa kwa kawaida hupangiwa kuona mbali. Huyo darubini ya nukta itamfaa sana, na atabaki na miwani ya kusomea ya kuangalia kliki. Asipige risasi hata moja kabla daktari hajamruhusu, na amwambie daktari waziwazi kwamba ni bunduki yenye teke. Mwenye presha ya macho naye aulize hivyohivyo.

Jicho linalotawala, yaani lile ubongo unalolitegemea kulenga, likiwa la kushoto kwa anayeshika kulia, bandika kipande kidogo cha selotepu ya ukungu kwenye lenzi ya kushoto ya miwani, usawa wa mboni unapolenga. Macho yote yanabaki wazi.

Na mji wetu huu una unyevu na chumvi. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, darubini na miwani vyote vinafunikwa na umande. Subiri dakika 10 hadi 15 na usifute kwa fulana, kwani chumvi na vumbi vitakwaruza kioo. Puliza kwanza, tumia brashi laini, halafu karatasi ya lenzi. Umande ukiwa ndani ya darubini, gesi yake ya kukinga imevuja, na hapo ni fundi. Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi kabatini, ngozi inashika unyevu na kuvu huota kwenye kioo kama utando wa buibui. Boksi linalofunga vizuri na vifuko vya silika, vibadilishwe vikishalowa. Ukiona nukta imeanza kuwa na utando na majibu ya kichwa, simu na tundu la pini yote yanasema jicho ni zima, mulika lenzi kwa tochi kutoka pembeni, kuvu litaonekana.